Suruali Kavu ya Mbuyi

Vijana wangu wa barabara, nianze na ukweli: nawaonea wivu. Juzi nimewaona mkipita hapa mtaani mmevaa fulana za kung'aa, mmefunga chombo nyuma ya gari, chombo kinahesabu mashimo chenyewe na kuandika chenyewe, nanyi mmekaa mbele mnatafuna karanga. Niliwatazama kutoka kwenye kiti changu cha plastiki mpaka mkakata kona. Mke wangu Alphonsine akaniambia niache kunung'unika, chai inapoa. Nilinung'unika hata kwenye chai.

Mmoja wenu alirudi akaniuliza, zamani tulikuwa tunapimaje kama barabara ni nzuri na kama itadumu. Nikamwambia: kwa beseni. Akacheka, akadhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Basi kaeni niwaeleze, maana katika kazi hii nimejua mambo mengi na karibu yote nimeyajua kwa wivu.

Nilikuwa msimamizi wa barabara katika mitaa ya wafanyakazi wa mgodi, hapa Kolwezi, enzi kampuni bado inatoa kila kitu, kuanzia unga wa bukari mpaka taa za barabarani. Kila msimamizi alikuwa na barabara zake. Mkubwa wetu alikuwa Shefu Banza, mzee kutoka Katanga ya kaskazini, mtu wa sala asubuhi na matusi mchana. Kila mvua zilipokwisha, Shefu Banza alitukagua. Alikuwa na pikapu ya kazi na beseni moja la bati la kuogea watoto. Alilijaza maji mpaka ukingoni, akakukalisha kando yake, akakupakatisha hilo beseni, kisha akaendesha juu ya barabara yako kwa gia ya pili, bila kukwepa shimo hata moja. Barabara ni yako, basi na maji ni yako.

Mkirudi gereji, wenzako wote wamesimama mlangoni. Hawakuuliza ulipata alama gani. Walitazama suruali.

Msidharau beseni. Linajua shimo, linajua mawimbi yale madogo yanayotokea udongo ukishindiliwa vibaya, linajua mahali kalavati limeshuka kidogo na jicho halioni. Mwili wako unakuwa kipimo, na mtu aliyelowa mapajani mbele ya wenzake hasahau ni kona gani iliyomlowesha. Mimi niliweza kuwaonyesha kona zangu mbaya nikiwa nimefumba macho.

Sasa, kati yetu kulikuwa na mtu mmoja aliyeitwa Mbuyi. Mrefu, mwembamba, baba yake aliletwa na kampuni kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, yeye mwenyewe amezaliwa hapahapa Kolwezi. Suruali ya Mbuyi ilirudi kavu. Mwaka huu kavu, mwaka ujao kavu. Alishuka kwenye pikapu taratibu, akalimwaga beseni chini ya mti wa gereji mbele yetu sote ili tuone lilivyojaa, akapiga mluzi akaenda kunawa mikono. Ule mluzi niliuchukia kuliko malaria.

Nyumbani nako hakukuwa na amani. Alphonsine akienda sokoni alizunguka njia ndefu. Nikamwuliza kwa nini, na barabara yangu inapita mbele ya mlango wetu.

"Yako inanivunja migulu," akasema. "Kwa Tata Mbuyi natembea na viatu vya kanisa."

"Ni balabala ya bwana yako!"

"Njo maana sisemake kitu. Nazunguka tu."

Nilifikiri Mbuyi ana dawa. Mnacheka, lakini nilifikiri hivyo kweli. Barabara zetu zilijengwa mwaka mmoja, kwa kokoto za machimbo yaleyale ya upande wa Mutoshi, lami ikitoka kwenye pipa moja. Yangu ikapasuka, yake ikatulia. Basi siku moja nikaenda mchana kweupe kwenye barabara yake, nikajifanya nakagua kalavati, nikaanza kuchokoachokoa udongo kando ya mfereji nikitafuta alichozika. Mama mmoja akatoka nyumbani na ufagio. Huyu alikuwa Mama Kapinga, muuza maharage, na yeye wa Kasai.

"Tata, unapoteza nini mule mu kanivo yangu?"

"Kanivo yako? Ni ya kampuni."

"Ya kampuni ni ile ya ku balabala ingine pale. Hii ya ku mulango yangu ni yangu. Tata Mbuyi alinipatiaka. Rudisha ile udongo fasi ulitosha."

Nikaurudisha udongo pale nilipoutoa kwenye mfereji. Kumbe dawa ilikuwa ile. Kila nyumba Mbuyi aliipa kipande chake cha mfereji, na hakukitoa kwa amri ya shefu. Alikaa kwao, akala, akauliza mama wa nyumba anataka maji yapite wapi. Kando ya barabara walipanda majani mafupi yanayoshika udongo. Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ambayo sisi tulikuwa tunakimbizana na watu waje, kwake walikuwa wameshafagia kabla hajafika. Maji ya mvua yalitoka barabarani kabla ya kupata muda wa kuingia chini. Na barabara, wanangu, huuliwa na maji yaliyokaa. Malori ya shaba yanamalizia tu.

Nilirudi nyumbani na hasira, maana dawa ningeweza kuinunua. Kupendwa na mitaa miwili mizima sikujua kunauzwa wapi.

Nikaamua kumshinda kwa ufundi. Mvua zilipokwisha nikaomba kifusi, nikaipandisha barabara yangu. Nikaiinua ikawa mgongo mzuri, imeshindiliwa, ina mteremko kila upande, maji hayawezi kulala juu yake. Shefu Banza aliponipakatisha beseni, likamwaga tone moja tu, na hilo nililisababisha mwenyewe kwa kupiga chafya. Nilishuka pale gereji suruali kavu. Nilimtafuta Mbuyi kwa macho. Alinipigia makofi, yule mtu! Hata kushindwa alikuwa anajua kushindwa vizuri kuliko mimi.

Mvua ya kwanza ilinyesha, barabara ikabaki kavu. Asubuhi nikafika ofisini nikakuta akina mama wamejaa uani, kila mmoja na godoro kichwani, magodoro yanachuruzika. Nilikuwa nimeinua barabara kupita vizingiti vya milango yao. Maji yote niliyoyafukuza barabarani niliyapeleka vitandani.

Shefu Banza alitoka nje, akayatazama magodoro, akanitazama mimi. "Yav," akasema, na hilo ndilo jina langu, "balabala yako iko kavu sana. Sasa enda ulale juu yake, na hii bamama yote."

Ndiyo maana nawaambia nyinyi wenye vyombo vinavyosoma: chombo chenu kinapanda juu ya lami kama beseni letu lilivyopanda. Hakiingii ndani ya nyumba. Kabla hamjaandika kwamba mradi umefaulu, shukeni, simameni kwenye kizingiti cha mlango, mtazame barabara iko juu yenu au chini yenu. Kisha muulizeni mama wa nyumba usiku wa mvua analala wapi.

Na nani alikuja kunisaidia kuishusha ile barabara? Mbuyi, na watu wake, na majembe yao. Walifanya kazi wakiimba. Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni nilitamani angebaki kwao apige mluzi.

Halafu mambo yakaanza kuharibika. Mgodi mkubwa uliporomoka, na kampuni ikaanza kuporomoka nyuma yake. Kwanza lami ikakosekana, kisha mafuta ya greda, kisha mishahara ikawa kitu cha kuulizana. Tulijifunza kuziba mashimo kwa mabaki ya mgodini na udongo mwekundu, tukishindilia kwa gogo. Greda liliota majani ya maboga, na mlinzi wa gereji aliyachuma akapika. Ikatoka habari kwamba wasimamizi wote tutarudishwa nyumbani, atabaki mmoja wa kutunza barabara zote. Shefu Banza, aliyekuwa anastaafu, akasema atamchagua kwa beseni, ukaguzi wa mwisho, mbele ya watu wote. Kila mtu alijua ni kati ya Mbuyi na mimi.

Niliitaka ile kazi kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Mshahara ulikuwa hauji hata kwa mwenye kazi, kwa hiyo si huo nilioutaka. Nilitaka kumshinda Mbuyi waziwazi, kwa beseni lilelile, na Alphonsine awe anatazama. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kwenye barabara yangu nikigawa vipande vya mfereji kama alivyofanya yeye. Nilikula bukari na majani ya sombe ya watu mpaka mkanda ukagoma. Nilipanda majani. Na barabara ikaanza kunisikia, nawaapia. Nilipopita asubuhi niliona maji ya mvua ya jana yameondoka yote, nikapiga mluzi mwenyewe.

Wakati huohuo maneno mabaya yalikuwa yanapita mjini. Wakubwa walisimama mbele ya watu wakasema kazi zimeisha kwa sababu ya wageni, watu wa Kasai warudi kwao. Wakawaita wadudu. Vijana wakaanza kuzunguka na fimbo, wakaingia nyumba hii na ile. Watu waliozaliwa hapa, ambao Kasai wanaijua kwa hadithi za babu tu, wakaambiwa waende kwao. Mimi ni Mlunda wa Sandoa, humuhumu Katanga, mlango wangu haukuguswa. Mlango wa Mama Kapinga ulivunjwa saa moja asubuhi, watu wakipita kwenda kazini. Familia zikakimbilia stesheni kungoja treni, na treni haikuja, wakalala palepale chini ya maturubai na mabati, mvua inawanyeshea.

Niliposikia Mbuyi naye yuko stesheni, wa kwanza kunishika ulikuwa woga, kisha hasira. Wamemwondoa wao! Mimi niliyemngoja miaka yote nimshinde kwa haki, wakaja watu wasioweza hata kushindilia kokoto, wakamwondoa kwa fimbo. Nikaenda stesheni. Alphonsine alinifungia mikate na sabuni, akabeba sufuria ya maharage, tukaenda wote.

Hamtaki kujua harufu ya mahali pale. Watoto wanaumwa, vyerehani vimelala matopeni, vitanda vimesimamishwa kuwa kuta. Lakini upande mmoja wa uwanja ardhi ilikuwa kavu. Nikatazama vizuri: mtu amechimba mfereji mdogo kuzunguka maturubai, una mteremko safi, unamwaga maji upande wa reli, na kila familia inafagia kipande chake. Sikuhitaji kuuliza. Hata pale, ndugu zangu, hata pale nilimwonea wivu.

Mbuyi alikuwa amekaa juu ya sanduku, mke wake analala begani pake. Alphonsine akaenda moja kwa moja kumkumbatia yule mama. Mimi nikasimama mbele ya Mbuyi nikasema jambo la kijinga, nikamwita aje.

"Banza anapima siku ya ine. Kuya."

Akanitazama. "Yav, nikitoka hapa banaweza kuniua mu njia."

"Nitakupitisha mi mwenyewe. Utafunika kichwa."

"Mpaka fasi ya beseni nitafunika kichwa?" Akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Wee unataka tu kunishinda."

"Ndiyo! Nataka kukushinda! Nimefanya kazi, balabala yangu iko muzuri sasa, kuya uone!"

Watu waligeuka kutusikiliza. Nilikuwa nalia, na sikuona haya. Mbuyi aliinamisha kichwa.

"Basi sikia," akasema. "Yangu nayo apime. Wee utaikala mu fasi yangu. Utapakata beseni kwa jina yangu. Lakini usitingishe ile magoti yako kusudi."

"Sitatingisha."

"Najua wee."

Siku ya Alhamisi, ndiyo siku ya ine yetu, Shefu Banza alifika na pikapu, ambayo alikuwa ameitafutia mafuta mwenyewe. Akasema hakuna haja ya kupima sana, amebaki mtu mmoja. Nikakataa. Nikamwambia tunapima zote mbili, na tunaanza na ya Mbuyi ili suruali iwe shahidi. Mzee alinitazama, akaenda kujaza beseni.

Tukapita barabara ya Mbuyi. Nyumba nyingi zilikuwa wazi, milango imeng'olewa, kwenye baraza la Mama Kapinga wamekaa watu nisiowajua. Gia ya pili. Niliyakaza magoti mpaka yakauma. Maji yalitetemeka ukingoni, yakarudi, yakatetemeka tena, yakarudi. Tulifika mwisho. Nikashuka nikaishika suruali kwa mikono miwili kuhakikisha. Ilikuwa kavu.

Tukapita yangu. Pale mbele ya shule, kalavati moja lilikuwa limeshuka kidogo. Nikalowa goti la kushoto. Goti tu, lakini nikalowa.

"Kazi ni yako," Shefu Banza akasema. "Muntu haiko, hawezi kufanya kazi." Alinishika mkono, akaondoka.

Nilikwenda stesheni na goti langu limelowa. Mbuyi aliona kutoka mbali.

"Na yangu?" akauliza.

Katika miaka yote ile sikuwahi kumsifu. "Hata tone," nikasema. "Haikumwanga hata tone moya."

Nilitegemea atashukuru, au atalia. Akasema, "Nilijua." Hivyo tu! Nilitaka kumpiga. Nikamkumbatia, tukakaa hivyo mpaka mke wangu akatuita tule.

Treni ilikuja wiki iliyofuata, mabehewa ya mizigo, watu wamejaa ndani na juu. Kisha zikaanza kufika habari za njiani: treni imesimama porini siku nyingi, hakuna maji, watoto wanazikwa kando ya reli, wazee nao. Tuliuliza kila aliyerudi kutoka upande ule. Hakuna aliyemjua Mbuyi. Alphonsine alikuwa anaomba misa kwa ajili yake bila kujua aombe misa ya mtu hai au ya marehemu. Padri akamwambia aombe tu.

Mimi nikawa mkubwa wa barabara zote. Barabara ya Mbuyi ilikuwa yangu sasa, na niliitunza kuliko ile ya mlangoni kwangu, lakini ilikufa mikononi mwangu. Waliohamia katika zile nyumba waliziona ni nyumba za kuvamia, leo wapo, kesho watafukuzwa na wengine. Nikimwambia mama fulani kipande hiki cha mfereji ni chako, alinitazama tu na kumwaga takataka. Mvua ya kwanza ikala ukingo, ya pili ikaingia chini ya lami. Siku hizi mnaandika "barabara endelevu" kwenye mabango makubwa. Vizuri. Lakini mkija kuipima, msipime kokoto na lami peke yake. Pimeni kama watu wa pale wana hakika ya kulala pale mwaka kesho. Asiye na hakika hafagii mfereji, na hamna kokoto ya kuziba shimo hilo.

Miaka ikapita, nikastaafu. Siku moja sokoni nilimkuta mama mchuuzi anayesafirisha samaki na chumvi mpaka Kasai. Nilikuwa nalalamika juu ya matope, kama kawaida yangu. Akasema, kule anakouzia matope ni mabaya zaidi, mvua inakata makorongo yanayomeza nyumba, isipokuwa mtaa mmoja.

"Mule hatutoshake viatu," akasema. "Lakini kuko tata moja mubaya ya kusumbua! Ukiweka samaki juu ya kanivo anakuambia ya nani ile kanivo, enda uombe mama ya nyumba kwanza. Murefu vile. Eko anapiga na mluzi."

Nilirudi nyumbani nimefura. Nilitupa mfuko wa unga mezani. Alphonsine alikuwa anachambua sombe, akauliza nimepigana na nani.

"Mbuyi," nikasema. "Ameanza tena! Amepata balabala ingine kule Kasai, batu banatembea na viatu bakati ya mvua, banamusifu mpaka ku soko yetu hapa! Akuna kampuni, akuna lami, akuna kitu, na bado anafanya muzuri kupita yangu!"

Majani ya sombe yalimponyoka mikononi.

"Yav," akasema. "Eko muzima?"

Nilifungua mdomo niendelee kulalamika, ndipo nikasikia nilichokuwa nimesema. Nikatafuta kiti, nikakaa.